Mlango Kati ya Jiko na Kitanda

Mama Mdogo hajui kupika chakula kidogo. Hii si sifa, ni ugonjwa. Mwombe kikombe kimoja cha chai, atateleka sufuria unayoweza kumwogeshea mtoto, kisha atakutazama ukinywa kana kwamba nyuma yako kuna foleni na wewe ndiye unayeichelewesha. Lakini tusimlaumu. Maisha yake yote ya kazi yamepita kwenye jiko la shule ya bweni, mahali ambapo mwiko una urefu wa mpini wa jembe, chumvi hupimwa kwa bakuli, na mpishi akisema "kidogo tu" anamaanisha ndoo.

Mumewe, yaani Baba Mdogo, mtaa mzima humwita Refa. Kazi iliyomlipa ilikuwa utarishi, kupeleka bahasha za watu kutoka ofisi hii hadi ile. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuchezesha mechi za mtaani kila mwisho wa wiki, bure, akitukanwa na pande zote mbili na kurudi nyumbani na furaha ya bwana harusi. Maneno aliyokuwa nayo yangetosha kugawiwa ukoo mzima na mengine yakabaki ya akiba. Alitoa hukumu mezani, alitoa hukumu barazani, hata kuku wakigombana uani aliingia katikati na kuwaeleza kanuni.

Kisha kiharusi kikamjia asubuhi moja akiwa anavaa soksi. Kikachukua upande wa kulia wa mwili, kikachukua na maneno. Si baadhi ya maneno. Yote. Rafiki yake mmoja wa uwanjani akaleta filimbi, akidhani amegundua dawa ambayo madaktari hawakuiona. Baba Mdogo akaiweka mdomoni, shavu moja likagoma, upepo ukatokea pembeni pamoja na mate. Akajaribu tena. Mama Mdogo akaichukua filimbi taratibu, akaifuta, akaifungia kabatini, akarudi na kijiko. Kitanda chao ni cha chuma. Tangu siku ile Baba Mdogo akitaka kitu hugonga ubavu wa kitanda, ko ko ko, kwa mkono wa kushoto uliobaki kwake. Sisi wengine tunasikia kijiko tu. Mama Mdogo anajua kugonga kwa kiu, kugonga kwa kutaka kugeuzwa, na kugonga kwa "njoo ukae hapa, sina shida yoyote".

Mama Mdogo alipokuwa kazini, jirani ndiye aliyekuwa akimchungulia mgonjwa. Jirani mwenyewe ana watoto wake, ana genge lake la mboga, ana shida zake. Basi jioni moja Mama Mdogo akarudi kutoka shuleni akamkuta mumewe sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, kijiko kimeruka hadi chini ya kabati. Alianguka saa ngapi? Nani ajuaye. Mwenyewe hawezi kusema. Ila shavu lake lilikuwa limeshika michoro yote ya mkeka, na michoro ya mkeka haiingii shavuni kwa dakika mbili.

Mama Mdogo hakulia. Alimnyanyua, akamwosha, akamnywesha uji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiangalia mikono yake mwenyewe kama mtu anayesoma. Kesho yake akarudisha aproni shuleni. Mkuu wa shule, mtu mwungwana, akamwambia nafasi yake ataishikilia mpaka mwisho wa muhula, kama mambo hayatamwendea vizuri huko nje.

"Nitapikia hapa hapa nyumbani," alitutangazia. "Sebule inakuwa mgahawa. Jiko ni lile lile. Na mlango uko pale, nampikia mtu huku namwona Mzee."

Mlango aliousema haukuwa na sifa yoyote. Mbao mbili na bawaba inayolia. Lakini ukisimama mbele ya jiko na mlango uko wazi, unaona moja kwa moja mpaka kwenye mto wa Baba Mdogo. Biashara nzima ilikuwa imejengwa juu ya mlango ule. Wengine wanafungua mgahawa ili watajirike. Yeye alitaka kumwona mume wake.

Ilibaki leseni. Akaniita.

"Mwanangu, wewe si ulisoma diploma?"

"Nusu, Mama Mdogo."

"Nusu inatosha. Sijakwambia ukafundishe, nimekwambia ukajaze fomu."

Tukaenda ofisi za biashara. Ni jengo lenye madirisha mengi, na kila dirisha kazi yake kubwa ni kukuelekeza kwenye dirisha jingine. Karani wa dirisha la kwanza alikuwa kijana mwenye miwani na sauti ya kubembeleza, kama daktari anayetafuta namna ya kukupa majibu mabaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata leseni ya mgahawa."

"Leseni ndiyo ya mwisho, mama. Huwezi kuanza na mwisho."

"Mwanzo ni nini?"

"Mwanzo ni jina la biashara. Halafu namba ya mlipakodi. Halafu watu wa zimamoto. Halafu vipimo vya afya vya kila atakayegusa chakula. Halafu afisa afya aje akague jengo. Akiridhika, ndiyo unarudi hapa kwangu."

"Na wewe unanipa leseni."

"Mimi nakupa risiti. Leseni iko dirisha lile pale."

Mama Mdogo akaligeukia dirisha lile pale kwa macho ya mtu anayemkariri mdeni wake.

Jina lenyewe lilitutoa jasho. Majina mazuri yote yalikuwa na wenyewe. Shibe ilikwisha chukuliwa. Karibu Nyumbani ilikwisha chukuliwa. Mikono Safi ilikuwa ya mtu ambaye, kwa jinsi ninavyoujua mgahawa wake, angestahili kushtakiwa. Mwishowe Mama Mdogo akachoka, akasema, "Andika Sufuria Kubwa." Karani akaligonga kwenye kompyuta, akasubiri, akasema hakuna mwingine aliyewahi kulifikiria. Nadhani alitaka iwe pole, lakini Mama Mdogo aliipokea kama pongezi.

Zimamoto walitaka mtungi wa kuzimia moto, tukauweka. Maabara ilitaka damu na choo, na hapo ndipo Mama Mdogo alipotaka kuniaibisha mbele za watu. Alipopewa kile kikopo kidogo chenye kifuniko, alikigeuzageuza akamwuliza mhudumu, kwa sauti ile ya kuita mabweni mawili kwenye chakula, "Hiki ndicho kikubwa mlicho nacho?" Asubuhi iliyofuata alikileta kimefungwa kwa kitambaa cha mezani, kwenye mkoba wake wa kwendea harusini. Majibu yakatoka masafi. Alimsomea Baba Mdogo cheti kile neno kwa neno, na Baba Mdogo akagonga kitanda kwa heshima.

Sasa ikabaki kukaguliwa.

Afisa afya alikuwa binti mwembamba, buti za mpira miguuni, tochi mkononi, na nywele zimefungwa kwa namna ya kukuambia usimzoee. Alikagua kila kitu. Alifungua bomba, akaangalia maji yanapokwendea. Alipima kwa jicho wavu wa dirishani. Alikanyaga kibao cha pipa la taka, kifuniko kikainuka na kushuka kama mlinzi anayepiga saluti, na nikaona pembe ya mdomo wake ikilegea. Alimulika chini ya sinki, mahali ambapo hata sisi wenyewe hatukuwahi kufika, akakuta pamesuguliwa.

"Mama, umefanya kazi."

"Nimepikia watoto wa watu, mwanangu. Ukicheza na uchafu, wanakuugulia bweni zima."

Ndipo nyuma ya ule mlango ikasikika: ko ko ko.

Afisa akausukuma. Bawaba ikalia. Akamwona Baba Mdogo kitandani, kijiko hewani, akitabasamu nusu, kwa maana nusu ndiyo iliyokuwa kwake.

"Shikamoo, baba," alisema afisa. Akarudisha mlango taratibu, akashusha pumzi. "Mama, huyu baba analala hapa?"

"Analala, anaamka, anashinda. Ni mume wangu."

"Chumba cha kulala hakiruhusiwi kufungukia jikoni. Hasa cha mgonjwa."

"Kiharusi hakiambukizi."

"Najua, mama. Kanuni haichagui ugonjwa. Huu mlango lazima uzibwe. Kwa ukuta, si kwa pazia wala kwa kufuli. Chumba kitobolewe mlango mwingine huko koridoni. Nje ya hapo, siwezi kuweka sahihi."

"Sasa nitamsikiaje?"

Binti yule alipekua fomu yake. Kwenye karatasi zake hapakuwa na sehemu ya swali hilo. Akaandika alichopaswa kuandika, akasema angerudi Jumanne ya wiki iliyofuata, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Jioni ile Mama Mdogo aliketi mlangoni pale pale, mgongo kwenye fremu, mguu mmoja jikoni na mwingine chumbani. Nilijaribu mzaha mmoja, ukaanguka chini, nikauacha ulale.

"Nikirudi shuleni," alisema, "anaanguka tena na mimi niko mbali. Nikijenga ukuta, nakuwa karibu naye kama kiziwi."

"Unaweza kuwa unakwenda kumwangalia kila mara."

"Wateja wamejaa, mafuta yako motoni, nizunguke uani, nipite koridoni, nifike, nikute hakuna kitu, nirudi? Na siku nitakayosema ngoja kwanza niepue hii sufuria?" Chumbani Baba Mdogo alikuwa akikoroma upande mmoja. "Basi. Ukuta naweza kuuzunguka. Shule siwezi. Niitie Fundi Kesho."

Fundi Kesho ni mwashi, na jina hilo alipewa na wateja wake wote bila kufanya kikao. Ukimwita leo, kesho. Ukimfuata kesho, anakukumbusha kwamba alisema kesho. Ana mikono mizuri, ukuta wake ukiushika ni kama shavu la mtoto, lakini kalenda yake anaijua yeye na Mungu wake. Mpango ulikuwa kwamba aanze kwa kutoboa mlango mpya upande wa koridoni, na ukishakuwa tayari, ndipo azibe ule wa jikoni. Hata mtu asiyejua kushika tofali anaelewa kwa nini ni lazima iwe hivyo.

Jumamosi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Fundi Kesho alifika leo. Alifika mapema, amebeba karai na pimamaji, anapiga mluzi. Mama Mdogo alikuwa amejifungia kwenye kazi ya kusugua masufuria uani, mimi nimetumwa mchanga. Fundi akamwaga lenta ya mlango mpya, ile boriti ya zege inayokaa juu ya mlango, akaiacha uani ikauke. Lenta haikauki kwa kuangaliwa. Ingechukua mpaka Jumatatu, na bila lenta huwezi kutoboa ukuta, utakuangukia. Sasa mtu aliyekwisha kuja, tena leo, angekaa bure? Saruji alikuwa nayo, matofali yapo. Akaona bora asogeze kazi mbele. Akang'oa mbao na fremu yake, akaanza kuziba mlango wa jikoni.

Mama Mdogo alisikia. Alipokuwa akisugua pale nje, masikio yake yalimletea ko ko ko, ko ko ko, sauti ya mwashi anayekalisha matofali kwa mpini wa mwiko wake. Akadhani fundi anatengeneza ule upande mwingine, akaendelea kusugua. Aligeuza sufuria ya kwanza. Aligeuza ya pili. Kisha akainua macho akamwona Fundi Kesho amesimama mbele yake uani, kikombe cha chai mkononi, anapuliza mvuke.

Ko ko ko.

Fundi alikuwa anakunywa chai, na kugonga kulikuwa kunaendelea.

Ndiyo kwanza naingia na mchanga. Sikuwahi kumwona Mama Mdogo akikimbia kabla ya siku ile, na sidhani kama kuna mtu mwingine aliyebahatika. Sufuria ilibiringika mpaka kwenye ngazi. Nilipomfikia jikoni, ukuta ulikuwa umempita kiunoni, saruji ingali mbichi, na ng'ambo yake Baba Mdogo alikuwa amejivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, macho yamemtoka, anagonga, anagonga, uso wote umelowa. Mtu hana ulimi. Asubuhi ameamka, amekuta mlango anaoangalia kila siku unafungwa tofali baada ya tofali, mkewe haonekani, na mtu anapiga mluzi. Wewe ungefikiri nini?

Mama Mdogo akapanda ukuta. Mama mzima, gauni na aproni, aliweka goti juu ya saruji mbichi, akajitupa upande wa pili. Nikasikia kitanda kikilia. Halafu kijiko kikanyamaza.

"Mimi nipo," alikuwa akisema. "Mimi nipo, Mzee. Ni ule ukuta niliokwambia. Fundi ameanzia mkiani. Nipo."

Fundi Kesho alifika, chai bado mkononi. Aliona tofali lake la juu limepinda, limebeba alama ya goti.

"Mama," alisema kwa upole, "toka basi nikurekebishie hili, kabla halijashika."

"Sitoki."

"Nikiendelea utabaki ndani."

"Endelea."

"Utatokea wapi, mama?"

"Jumatatu unatoboa huko koridoni au hutoboi?"

"Natoboa, mama. Wallahi."

"Basi nitatokea huko. Nikitoka sasa hivi anaanza tena. Akiona unajenga na mimi niko upande wake, atajua ni kazi tu. Hapo juu acha nafasi ya kupitishia sahani." Akamgeukia mumewe, akamrekebishia mto. "Endelea kujenga, fundi. Usitutazame, sisi si sinema."

Fundi Kesho alijenga. Nimwonee huruma au nisimwonee, sijui mpaka leo. Alijenga kimya, bila mluzi, na kila tofali alilokalisha aliligonga polepole kwa kiganja badala ya mwiko. Kwa juu aliacha nafasi ya kupita mkono, sahani na ndoo ndogo. Siku zile mbili za kungoja lenta tuliwalisha kupitia hapo. Kiti cha choo cha mgonjwa kilikuwa mle mle chumbani, ndoo ikapitia kwenye nafasi ileile, na mengine ya humo sitayasimulia kwa sababu nataka kuendelea kupewa chakula katika nyumba ile. Nitasema tu kwamba nilimsikia Mama Mdogo akicheka mle ndani. Cheko la kweli, la binti. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kukaa na mumewe kutwa nzima bila kuwa na sufuria ya kukimbilia.

Jumatatu asubuhi, kabla fundi hajaja, geti likagongwa. Nikafungua. Buti za mpira.

"Afisa! Si ulisema Jumanne?"

"Kesho nina semina. Nikaona nipite leo nimalize. Mama yupo?"

Jamani, ningejibu nini? "Yupo," nikasema.

"Naomba umwite."

"Haitiki... yaani, anaitika, ila haji."

Akanitazama vile walimu walivyokuwa wakinitazama mwaka wangu wa mwisho chuoni, akanipita, akaingia jikoni. Ukuta ulikuwa pale, mzuri, laini. Akaupapasa, akaridhika. Halafu kwenye ile nafasi ya juu ukatokea mkono wenye kikombe kitupu.

"Mwanangu, niongezee maji ya moto, ya Mzee yamepoa," ukuta ulisema.

Afisa akarudi nyuma hatua moja.

"Huyo ni nani?"

"Mwenye mgahawa," nikasema.

"Nani huyo unaongea naye?" ukuta ukauliza.

"Afisa afya, Mama Mdogo."

Kisha kikombe kikarudishwa ndani haraka, kana kwamba kimekamatwa na kosa.

"Karibu, mwanangu," Mama Mdogo alisema kwa sauti yake ya ukumbini. "Samahani sitoki kukupokea. Jiko ni lile lile, ukuta ndio huo. Kijana akupe kiti."

Kiti alikipokea, ila hakukikalia. Alikipanda. Akachungulia kwenye nafasi ile, na mimi nikabaki nikitazama visigino vya buti zake, nikisubiri kelele. Haikuja. Alichungulia muda wa kutosha mtu kuona vizuri kilichomo: Baba Mdogo ameketi, mito mgongoni, nusu ya uso ina povu la sabuni, na Mama Mdogo amepiga magoti kitandani, wembe mkononi, anamnyoa.

"Mama, umefungiwa humo?"

"Nimejifungia. Fundi alianza kuziba kabla ya kutoboa. Leo anatoboa."

"Kwa nini hukutoka alipoanza?"

"Alikuwa anagonga."

Aliyasema hayo bila kueleza zaidi, kama vile ukiuliza kwa nini watu hubeba mwavuli wakakujibu mvua inanyesha. Akamgeuza mumewe kidevu, akapitisha wembe.

Afisa akashuka kwenye kiti. Akafungua karatasi zake, akazifunga. Akauliza, si mimi wala ukuta, bali hewa tu: "Na ukishafungua mgahawa, akigonga?"

"Sitamsikia," ukuta ulijibu. "Nimekwisha kuzoeza moyo. Wewe kagua tu, mwanangu, ulete hiyo sahihi. Nikikosa leseni narudi shuleni, na huko hata kuzunguka nimfikie siwezi."

Binti akatoka uani, akapiga simu kwa mkubwa wake. Nilijifanya nafagia.

"Ndiyo, bosi. Hapana, mlango umezibwa. Ndiyo, ukuta kabisa. Nauliza hivi: kanuni inasema ukuta usiopitisha kitu. Sasa ukuta ukiwa wa kioo? ... Kisichofunguka, bosi, cha kujengewa. ... Hapana, sijapewa chochote, hata chai sijanywa. ... Nzi hapiti. Moshi haupiti. Mtu hapiti. ... Macho? Bosi, macho hayamo kwenye kanuni, nimeisoma yote. ... Haya. Asante, bosi."

Akarudi, akapanda tena kiti.

"Mama, nitaandika kwamba haijakamilika, kwa sababu hii nafasi hapa juu. Msinichukie. Wakati wa kukamilisha, mwambie fundi wako atoe matofali ya katikati, aweke kioo kinene, akisakafie pande zote, kisifunguke. Nikirudi nikikuta kinapitisha hata uzi, nakataa. Lakini kitakupa kumwona."

Kisha mkono ukatokea kwenye ile nafasi, mtupu sasa, una povu la sabuni, ukapapasa hewani mpaka ukapata mkono wa afisa, ukaushika. Afisa hakuutoa. Alibaki amesimama juu ya kiti cha jikoni, buti na tochi na yote, ameshikwa mkono na ukuta.

Fundi Kesho alipofika na kuelezwa kwamba ukuta wake bora kuliko zote ubomolewe katikati, alikaa chini. Aliuliza kama kuna mtu katika nyumba hii anayejua uchungu wa kulinganisha tofali. Kisha akachukua nyundo. Alitoboa kwanza koridoni, hilo nimwandikie, na Mama Mdogo akatoka amejaa vumbi jeupe, akanyoosha mgongo, akaenda moja kwa moja kuangalia kama nimeunguza masufuria.

Nafasi ya juu ikazibwa, kioo kikawekwa. Afisa akarudi, akapitisha kucha pembeni mwake pande zote nne, akaweka sahihi. Karani akatupa risiti. Dirisha lile pale likatupa leseni yenye muhuri, na Mama Mdogo akaibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani, akaitundika ukutani sebuleni, ikakaa upande, akasema iachwe hivyo hivyo isije ikaghairi.

Siku ya kufungua, watu walikuja wengi kuliko viti. Gereji ya jirani ilihamia yote na mafuta yake mikononi, wakapelekwa kunawa kama watoto. Fundi Kesho alichagua meza inayotazama jikoni, ili aendelee kusikitikia ukuta wake. Nyuma ya kioo Baba Mdogo alikaa amevaa shati la kola, anaangalia mvuke ukipanda, anaangalia sahani zikitoka, anamwangalia mkewe. Akihitaji kitu aliinua mkono, na Mama Mdogo, ambaye kila alipogeuza mwiko aligeuza na macho, alimwona kabla mkono haujafika juu.

Mchana ulipopamba moto, mafundi gereji walianza kubishana kuhusu goli la jana, kama liliingia au halikuingia, wawili wamesimama, mmoja anapiga meza. Mama Mdogo akainua macho kwenye kioo. Baba Mdogo alikuwa amelala. Kichwa kimeinamia bega, mdomo wazi kidogo, mkono wa kushoto umefunguka juu ya shuka kama wa mtu asiyengoja kitu.

Akaja mpaka mlangoni mwa sebule, mwiko mkononi.

"Jamani, shusheni sauti. Mzee amelala."

Kioo kile ni kinene, tena kimesakafiwa kila upande. Tulikwisha kukijaribu mimi na fundi kwa kupiga sufuria upande huu, na upande ule hakufika hata mnong'ono. Fundi Kesho akafungua mdomo kulisema hilo. Nikamtazama. Akamtazama Mama Mdogo, aliyekuwa amesimama pale anangoja, kidole mdomoni. Meza zote zilikuwa zimenyamaza. Hata aliyekuwa anapiga meza ameuweka mkono wake pajani.

Fundi akainama mbele, akasogeza sahani yake polepole isikwaruze.

"Mama," alinong'ona, "naomba uniongezee maharage."